Pipa la Mazishi

Saa nne asubuhi, jeneza la Neilie Currie, mfanyakazi wa ghala la wiski, likiwa tayari njiani kwenda makaburini, mzee Torquil Maceachern, mtunza ghala, aligonga kizibo cha pipa la mazishi, akazamisha bomba la shaba la kuchotea. Likatoka kavu.

Pipa hilo lilikuwa la wafanyakazi. Baba zao walilijaza wiski kwa ruhusa ya tajiri wa zamani, ruhusa ya mdomo tu, ili mtu wa ghala akifa, waombolezaji wapate cha kumzikia. Kisiwa kizima cha Islay kililijua. Mara ya mwisho lilifunguliwa miaka minane nyuma, na lilikuwa limejaa zaidi ya nusu.

"Mwizi ni huyu," alisema Hendry, meneja wa kiwanda, akimwonyesha Torquil. "Tangu Machi ufunguo anao yeye peke yake, na koo lake mnalijua. Kesho ahame nyumba ya kampuni."

Sajini Ishbel McAffer wa polisi, aliyekuja mazishini, alimgeukia mzee. "Umekunywa, mzee Torquil?"

"Nimekunywa maisha yangu yote, mwanangu. Lakini wiski ya maiti? Hata ulevi una adabu yake."

"Wiski yenyewe ilikuwaje?"

"Mapipa mengine yote humu ni ya Marekani, wiski yake rangi ya nyasi kavu. Hili peke yake lilitoka Hispania, na mvinyo mtamu umelewesha mbao. Yake ilikuwa nyekundu, kama chai iliyokolea."

Ishbel alishika pete ya chuma ya pipa. Ikacheza, ikateremka hadi sakafuni.

"Mbao zikiwa na wiski huvimba na kukaza pete. Hizi zimesinyaa. Pipa hili limekuwa tupu kwa miaka, siyo tangu Machi."

"Basi lilivuja," Hendry akadakia.

Ishbel akapitisha kidole kwenye maungio. Hakuna doa wala utelezi. "Halikuvuja."

Hendry akamvuta ofisini, akafungua kabati lenye chupa tatu za wiski. "Siku ya msiba hii, Sajini. Chagua."

Chupa mbili zilikuwa nyeupe-njano. Ya tatu, isiyo na lebo, ilikuwa nyekundu. Aliichagua hiyo. Akadondosha tone la maji, akasubiri, akanusa: zabibu kavu, maganda ya machungwa, na nyuma yake ule moshi wa wiski ya kisiwa. Akaonja. Hakuwahi kunywa kitu kizuri hivyo, na kilimshuka kama jiwe.

"Pipa la Hispania unalo moja tu, Hendry."

Hendry hakushtuka. "Miaka saba iliyopita nilikuwa nawabembeleza wanunuzi wa London. Walitaka kitu kisichopatikana kwingine, nikawapa wiski ya pipa hilo. Pipa halina karatasi, kwa hiyo ni la kampuni. Utanishtaki kwa lipi?"

"Na mzee je? Kwa nini umsingizie?"

"Nyumba yake inatazama bahari. Watalii wanaitaka." Akafunika chupa. "Andika kwamba hakuiba, nitatia sahihi. Ila amefungua pipa bila kibali, mbele ya kijiji kizima. Kwa hilo nyumba inaondoka."

"Wamekuwa wakifungua tangu enzi za baba zao!"

"Nani aliwaandikia?"

Ndivyo wenye mali walivyo: wao hukumbuka kwa karatasi, na wanyonge kwa koo.

Nje, waombolezaji walisimama na bilauri tupu.

"Nimesafishwa, mwanangu?" Torquil aliuliza.

"Umesafishwa, mzee."

"Na nyumba?"

"Anaichukua. Anasema umefungua pipa bila kibali."

"Si bora wangeniita mwizi," mzee akasema, "wakaniachia kitanda."