Honorata na Mgebuka wa Dirishani

Kila siku shule ikiisha, Honorata alikuwa na kazi tatu: kuvua sare, kumpelekea mama yake chakula mwaloni, pale ziwani mitumbwi ya samaki inapofikia, na kuchora. Kazi mbili za kwanza alitumwa. Ya tatu hakutumwa na mtu, na ndiyo pekee ambayo hakuwahi kuisahau.

Alikuwa na miaka kumi na miwili, mwanafunzi wa Darasa la Sita, na kwao ni Kasingirima, mjini Kigoma Ujiji. Alichora nyuma ya daftari la Hisabati mpaka kuku wake wakakaribia kudonoa desimali. Alichora kwa mkaa kwenye ukuta wa jiko, kwa kidole kwenye unga wa muhogo uliomwagika, na kwa kijiti mchangani. Siku moja alimchora mwalimu mkuu kwenye vumbi la pikipiki ya mwalimu mkuu mwenyewe. Mwalimu aliizunguka pikipiki mara mbili, akajitazama kwenye kioo cha pembeni, akapanda, akaondoka bila kuuliza kitu.

Na maswali! Honorata alikuwa na maswali kuliko nzi wa mwaloni.

"Mama, samaki akilala anafumba macho?"

"Muulize yeye."

"Na mbuzi ana kope?"

"Honorata, nipe chumvi."

Mama yake aliuza samaki pamoja na wanawake wenzake wanane. Kiongozi wa kikundi chao alikuwa Bi Yasmini, mwanamke mfupi mwenye sauti ndefu. Akimwita mtu mwaloni, watatu wengine hugeuka kwa hofu tu. Mwaka huo kikundi kilijenga kibanda kipya cha bati, na wanawake wakakubaliana wawe na bango lenye picha ya mgebuka, yule samaki mwembamba anayeng'aa, ambaye mtu wa Kigoma akisafiri mbali humwota usiku.

Basi Jumanne moja Bi Yasmini, Mama Honorata na Honorata wakapanda kwenda mtaa wa Mwanga kwa Fundi Gervasi, mwandishi wa mabango. Fundi aliwasikiliza, kisha akakuna kidevu kwa mpini wa brashi.

"Mama zangu, mimi ni mtu wa Kalinzi, mlimani. Mkitaka kahawa, nitaichora mpaka msikie harufu. Lakini mgebuka nimemzoea akiwa kwenye sahani, tena kichwa kimeshaliwa na watoto."

"Umekaa Mwanga miaka mingapi wewe?" Bi Yasmini akauliza.

"Kumi na saba. Yote nimekula tu, sijatazama."

Wakacheka. Mama Honorata akamsukuma binti yake mbele. "Huyu huchora."

"Shikamoo, fundi," Honorata akasema, lakini macho yake hayakuwa kwa fundi. Yalikuwa kwenye ubao ulioegemezwa ukutani, wenye herufi nyekundu zilizoonekana kama zinataka kuruka nje. "Fundi, hizo herufi mbona zimenyanyuka na ubao umelala?"

"Marahaba. Ni kivuli hicho, mwanangu." Fundi akamtazama vizuri. Wateja wake wote huuliza bei. Huyu aliuliza herufi. "Sikiliza. Niletee mgebuka kwenye karatasi siku ya Jumamosi. Awe wa mkono wako mwenyewe. Nikiona mkono una kitu, utakuja hapa kila Jumamosi. Utaosha brashi, utakoroga rangi, na mimi nitakufundisha."

Honorata alirudi nyumbani bila kugusa ardhi. Alitaka Jumamosi zile kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote, hata baiskeli.

Tatizo lilikuwa juu, angani. Wiki hiyo ilikuwa ya mbalamwezi. Wavuvi wa ziwa hili huvua usiku kwa taa. Taa huwavuta dagaa, na dagaa huwavuta migebuka. Mwezi ukiwa mpevu, ziwa zima lina taa moja kubwa ya bure, na taa ya mvuvi haina wa kumdanganya. Kwa hiyo mitumbwi ilikuwa imevutwa mchangani, wanaume wanashona nyavu na kubishana mpira, na meza za akina mama hazina hata gamba.

Honorata akaona si neno. Atachora kwa kumbukumbu. Si amekula migebuka tangu alipoota meno? Akakaa, akachora, akafuta, akachora tena. Kumbe ladha ya mkia uliokaangwa kwa mawese aliijua vizuri sana, lakini jicho liko wapi hasa? Mapezi ni mangapi? Mdomo umeelekea wapi? Hakujua. 

Alhamisi, Recho, rafiki yake wa dawati moja, aliichungulia karatasi.

"Ee, kandambili nzuri. Ya kushoto au ya kulia?"

"Ni mgebuka."

"Pole." Recho akafikiri kidogo. "Si kuna samaki kwenye kitabu cha Sayansi? Weka karatasi juu yake, bandika kwenye kioo cha dirisha. Jua likipiga, unapita naye tu na penseli. Samaki ni samaki."

"Fundi alisema awe wa mkono wangu mwenyewe."

"Kwani utapita naye kwa mguu?"

Honorata alijua kabisa kwamba jibu hilo lilikuwa na kasoro, ila lilikuwa tamu. Wakati wa mapumziko, wenzake walipokimbilia mihogo ya kukaanga, alisimama dirishani, kitabu chini, karatasi juu, akapita na penseli harakaharaka huku sikio likisikiliza kengele. Samaki akatoka safi, magamba yamepangwa kama bati.

Jioni mama yake aliinua karatasi kwenye mwanga. "Hee! Umemchora mwenyewe huyu?"

"Ndiyo, mama."

"Bila samaki wa kutazama?"

"Nimemkumbuka tu."

Uongo wa kwanza hutoka kwa shida. Wa pili humfuata mwenzake kama bata.

Ijumaa mama hakuweza kuvumilia. Akaupeleka mchoro mwaloni, na Honorata nyuma yake. Bi Yasmini alifuta mkono kwenye kanga, akaupokea mchoro, akaushika mbali, akausogeza karibu, akaugeuza chini juu.

"Kachora vizuri," akasema. "Mzuri mno. Sasa mgebuka yuko wapi?"

"Si huyo, bibi," Honorata akasema.

"Huyu? Huyu amenenepa kama sahani! Mgebuka ni mrefu, mwembamba. Na huku mgongoni ana pezi moja refu. Mgebuka ana mawili. Mwanangu, huyu ni sato, na mimi sijamuuza hata siku moja."

Wanawake wakasogea. Mmoja akanyoosha kidole kwenye shavu la samaki. Hapo palikuwa na mstari mmoja mnyoofu, umechomoza kutoka kwenye matamvua mpaka pembeni mwa karatasi.

"Na huu nao? Kachomwa mkuki?"

Honorata akatazama, akautambua. Ulikuwa ule mstari wa kitabuni unaoonyesha jina la kiungo. Katika haraka yake dirishani alikuwa ameupitia nao.

"Ni... ni mwiba," akasema.

"Mawee! Mgebuka mwenye mwiba wa shavuni!" Bi Yasmini alicheka mpaka mvuvi mmoja akaacha kushona wavu. "Jamani, njooni mwone, ziwa limezaa!"

Wanawake wote walicheka isipokuwa mmoja. Mama yake Honorata alikuwa akiutazama ule mstari, kisha akamtazama mtoto wake, kimya. Kicheko cha wale wanane Honorata angeweza kukibeba. Ukimya wa yule mmoja ulimshinda.

"Nimenakili," akasema, na machozi yakaanza. "Niliweka kitabu cha Sayansi kwenye kioo cha dirisha. Sikumkumbuka, mama. Nilikaa na kukaa, sikumkumbuka hata kidogo."

Vicheko vikakatika. Mama yake akatoa simu kwenye pindo la kitenge, akabonyeza, akampa.

"Mwambie fundi mwenyewe."

Simu ile ilikuwa nzito kuliko ndoo ya maji. "Shikamoo, fundi. Ni Honorata. Mchoro wa kesho sina. Niliokuwa nao si wangu, niliunakili."

Upande wa pili ilisikika redio, na mtu akigonga bati. 

"Nimesikia," Fundi Gervasi akasema. "Ukipata wako, njoo. Lakini sisemi nitakukubali. Nasema njoo."

Bi Yasmini, ambaye alikuwa amesimama karibu kusikiliza bila hata kujificha, akampiga Honorata begani. "Ego, ndiyo, umesema. Sasa futa makamasi. Kibanda hakina miguu, kitasubiri. Mwezi ukipungua, samaki watakuja, nawe uje na daftari."

Siku zikapita, mwezi ukachelewa kutoka, ziwa likawa jeusi, na taa za wavuvi zikarudi kuwashwa kama mji uliohamia majini. Asubuhi ya kwanza, kabla ya shule, Honorata alikuwa mwaloni amechuchumaa mbele ya meza ya mama yake, pua karibu iguse samaki.

Na hapo ndipo alipoona mambo! Taya la chini la mgebuka limetangulia mbele, kama la mtu anayebisha. Pezi la kwanza mgongoni lina miiba, la pili ni laini. Jicho ni kubwa, na halina kope hata moja.

"Mama! Hafumbi macho! Hana cha kufumbia!"

"Umeona? Nilikwambia umuulize yeye."

Akaanza kuchora. Alimaliza kichwa, akafika tumboni, na mkono mmoja mnene ukashuka ukamchukua samaki.

"Bibi! Sijamaliza!"

"Mteja hasubiri," Bi Yasmini akasema, akimfunga samaki kwenye gazeti. "Mchore mwingine."

Mwingine akauzwa akiwa hana mkia. Wa tatu akauzwa akiwa jicho tu. Siku ya pili alimchora mmoja akafanana na sindano, mwingine akafanana na Bi Yasmini, huyo akamfunika haraka kwa kiganja. Siku ya tatu mkono ulianza kulitii jicho kidogo. Akina mama nao, waliokuwa wakichungulia juu ya mabega yake, wakaanza kubishana.

"Mgongo wake ni wa buluu."

"Wa kijani, wewe!"

"Fedha! Umgeuze juani, ni fedha tupu."

Kila mmoja akainua mgebuka wake kumtazama, wamekazana kumgeuza huku na huku kana kwamba ndiyo kwanza wanakutana naye. Mteja alikuwa amesimama pale na kikapu wazi, na asubuhi hiyo ikabidi asubiri.

Siku ya sita, akapatikana mmoja. Mrefu, mwembamba, taya lake la ubishi mbele, mapezi mawili mgongoni. Bi Yasmini alimtazama, akaitikia kwa kichwa.

"Huyu naweza kumuuza bila kupunguza bei," akasema, na kwake hiyo ni sifa kubwa.

Jumamosi Honorata na mama yake walikuwa tena Mwanga. Honorata alikuwa ameuchana ule ukurasa mzuri, ameukunja kwa uangalifu, akampa fundi kwa mikono miwili. 

Fundi Gervasi aliutazama muda mrefu. "Mzuri," akasema, lakini hakutabasamu. Ule wa kunakili nao huenda ulikuwa mzuri. "Hilo daftari kwapani lina nini?"

"Hamna kitu, fundi. Ni uchafu tu."

"Mpe," mama yake akasema.

Fundi akafungua. Ukurasa wa kwanza, kichwa bila mwili. Wa pili, sindano yenye mapezi. Wa tatu una doa la mafuta na gamba la kweli limeganda pembeni. Akaendelea kufunua polepole, midomo ikianza kumcheza.

"Huyu mkia wake uko wapi?"

"Ulinunuliwa, fundi."

Fundi aliangua kicheko mpaka akashika meza. Akahesabu. Walikuwa ishirini na watatu.

"Binti," akasema, akifuta macho, "ungeniletea yule mzuri peke yake, ningejua una mchoro mmoja. Hawa wabaya ndio walioniambia una mkono. Tazama, huyu taya limekosewa. Huyu limekaribia. Huyu limefika. Hakuna kitabu kinachoweza kukupa hawa uwanakili, hawa ni jasho lako. Mimi nilikuwa na mashaka na wewe, sikufichi. Kumbe uliposema ukweli kwenye simu, ulikwenda kuufanyia kazi."

Honorata akainama. "Nilikuwa nawaonea aibu."

"Usiwaonee. Kila anayejua kitu alianza kwa kukikosea mara nyingi, tena mbele za watu. Anayeficha wabaya wake, mwishowe huazima wazuri wa mwenzake akasema ni wake. Ulishaionja njia hiyo. Haikuwa tamu, au siyo?"

"Haikuwa tamu, fundi."

"Basi." Akauweka ule mchoro mzuri kwenye meza yake ya kazi, tayari kwa bango. Kisha akaomba ukurasa wa pili wa daftari, wa yule samaki aliyefanana na sindano, akaugongomea ukutani kwa msumari mdogo, juu ya makopo ya rangi, mahali ambapo kila mteja angemwona.

"Huyu atakaa hapa," akasema. "Brashi chafu zile pale kwenye ndoo. Zinakusubiri tangu asubuhi."

Mama akaaga, akaenda sokoni. Honorata akakunja mikono ya gauni, akachuchumaa kwenye ndoo, na kabla hata brashi ya kwanza haijatakata, fundi akasikia:

"Fundi, hizi nywele za brashi ni za mnyama gani?"