Aliyefungua Lango

"Kaka, huku kwako kuna nini?" fundi wa simu aliuliza, akaweka bisibisi chini. "Kuna mtu anauliza maiti za leo zizikwe ndani ya ukuta au nje."

Ilikuwa Jumamosi mchana, kwenye ujia wa maduka ya simu ambako watu hupita kwa kusukumana na kila kibanda kinapiga muziki wake. Simu ilikuwa imewashwa ili kujaribu kioo kipya, na ujumbe ulikuwa ukiingia mfululizo. Mwenyewe, kijana mrefu aliyevaa shati lenye madoa ya wino mpaka kwenye kola, aliona haya.

"Mwambie nje," alisema kwa sauti ndogo. "Wa tauni hazikwi ndani."

Fundi alimtazama kama mtu anayetaka kumrudishia simu yake na hela yake juu. Hapo ndipo dada mmoja aliyekuwa pembeni akichagua chaja alipoangua kicheko. Alivaa gauni la kijani lililomkaa sawasawa, skafu ya njano shingoni, na raba za mtu anayetembea sana.

"Kumbe ni wewe," alisema. "Wewe ndiye Meya."

"Nani anauliza?"

"Mkunga wa mtaa wa wafinyanzi. Umetuletea tauni, nimeishiwa hata maji ya moto, kumbe mwenzangu uko hapa unabadilisha kioo."

Msomaji usiogope kama fundi. Hapakuwa na tauni. Huyu kijana mchana alikuwa mchapaji wa mabango, na muda wake uliobaki aliendesha mchezo mtandaoni. Alichukua mji wa kale wa kweli, wa mbali huko, wenye kuta na malango, uliowahi kuzingirwa na maadui mpaka ukaanguka. Wachezaji walijichagulia maisha humo: huyu mwokaji, yule mfinyanzi, yule mwizi. Kila mmoja aliandika anachosema na kufanya mtu wake, na Meya aliandika yanayompata. Mvua ikinyesha, ni yeye. Mtoto akizaliwa, ni yeye. Na ukifa, ni yeye pia, na aliyekufa hakurudi.

Siku hiyo alimsindikiza Mkunga mpaka kituo cha basi, na mabasi yakapita wakiyaangalia tu. Kufikia Jumatatu walikuwa wanapigiana simu kama watu waliopotezana tangu utotoni. Yeye Mkunga kazi yake ilikuwa kupokea malalamiko ya wateja kwenye kampuni ya maji, na sauti yake ilikuwa ya kumtuliza hata mwenye bomba lililopasuka.

"Huduma kwa wateja, nikusaidie nini?"

"Nimekatiwa usingizi, dada."

"Bili umelipa?"

"Nalipa kwa nani, laazizi?"

"Njoo kaunta, uje na soda baridi."

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Wachezaji waligundua kabla hawajaambiwa, maana wagonjwa wa Mkunga walianza kupona kwa wingi. Meya akaona bora amfanye mwendeshaji mwenzake, mambo yawe wazi. Walikaa kwenye karakana yake, katikati ya mabango ya saluni na ya shule za udereva, wakaandika sheria upya. Historia haibadilishwi. Aliyekufa harudi. Na ndugu wa mwendeshaji hachezi, kwa sababu watu watasema kuna upendeleo.

"Sawa?" Meya aliuliza.

"Sawa," Mkunga alijibu, akainama kufunga kamba ya kiatu.

Haikuwa sawa. Nampenda huyu dada, lakini hapo alikosea na lazima niseme. Ndani ya mji ule kulikuwa na Bawabu wa lango la kaskazini, mlinzi aliyependwa kuliko wote, ambaye hata panya hakupita bila kumsalimu. Bawabu huyo alikuwa baba yake mzazi.

Mzee alikuwa mtunza ghala zamani. Asubuhi moja ghala lilikutwa wazi, mali haipo, kufuli halikuvunjwa. Limefunguliwa kwa ndani, wakubwa walisema, na funguo anazo nani? Hakuna aliyemuuliza. Walimtoa getini mbele ya vibarua wake, na majirani wakaanza kunyamaza akipita. Tangu hapo aliishi kama mtu anayesubiri kuitwa ajieleze, na hakuitwa. Ukaja ugonjwa wa moyo, miguu ikavimba, kitanda chake kikahamishiwa sebuleni. Binti alipomwonyesha mchezo ili apoteze mawazo, mzee aliuliza swali moja tu.

"Kuna lango humo?"

"Yako manne, baba."

"Nipe moja nililinde."

Mikono ilimtetemeka, hivyo yeye alisema na binti akamwandikia, kila jioni, kwenye simu ya mzee. Uso wake ulirudi. Alianza kutaka tena kunyolewa ndevu. Alimwomba binti kitu kimoja: asimwambie mtu kwamba anaumwa. "Wataniandikia kwa huruma," alisema. "Nataka waniandikie kama mlinzi."

Kwa hiyo kila jioni Mkunga aliondoka mapema. Meya akisema tukae kidogo, yeye alisema hapana mpenzi, lazima niwahi nyumbani. Nyumbani kwenyewe Meya hakuwahi kukaribishwa. Binti alipanga kumleta siku mzee atakapopata nafuu, na siku atakapopata ujasiri wa kukiri ile sheria. Siku hiyo iliendelea kusogea mbele. Meya alisema "sawa" kila jioni, na moyoni hakusema sawa hata mara moja.

Mwaka wa mchezo ukafika pale vitabu vya historia vinaposema mji ulianguka. Vitabu vinasema lango lilifunguliwa kutoka ndani. Havisemi na nani. Sura hiyo ilikuwa ya Meya peke yake kuiandika, na wachezaji walikuwa wakibishana kutwa nzima nani atakuwa msaliti.

"Nakuomba kitu," Mkunga alimwambia, akimfuta wino shavuni kwa kidole. "Yeyote utakayemchagua, Bawabu usimguse."

"Kwa nini unamtetea hivyo? Au unampenda?"

"Nampenda sana," alisema, akacheka, akachukua mkoba wake.

Meya naye alicheka, meno tu. Alipobaki peke yake alifungua ukurasa ambao mwendeshaji mkuu pekee huuona, unaoonyesha kila mchezaji anaingilia mtandao gani. Bawabu na Mkunga walikuwa wanaingia kwa mtandao mmoja. Nyumba moja, jioni zote. Bawabu huanza kuandika muda mfupi tu baada ya Mkunga kufika nyumbani.

Wivu, jamani, ni mwalimu mbaya, lakini wanafunzi wake husoma haraka. Pale pale Meya alielewa kila kitu, na vyote alivyoelewa vilikuwa uongo. Dada ana mwanaume. Anaishi naye. Wanalala wakimcheka. Simu ilikuwa mkononi na namba anayo, angeweza kupiga, lakini aliona kuuliza ni kujidhalilisha. Akakaa, mashine ya mabango ikinguruma nyuma yake, akaandika sura ya lango.

Siku ya pili, sura ilipotoka, Mkunga alifika nyumbani mzee ameshajiinua kwenye mito anasubiri. "Nisomee, mama, usinionjeshe. Yote." Binti hakuwa ameisoma. Akavuta kiti, akaanza kwa sauti ile ya huduma kwa wateja, akasoma mpaka mahali Bawabu anapoingia na funguo mkononi. Sauti ikakatika.

"Endelea," mzee alisema.

"Baba, tuache. Nimechoka."

"Endelea kusoma."

Akasoma. Bawabu wa lango la kaskazini, mwenye tabasamu la kila siku, aliwafungulia maadui kwa ajili ya mke wa mtu. Watu wa mji walimkamata, wakamtundika kwenye lango lake mwenyewe, na hakuna aliyemzika. Chini yake wachezaji walikuwa wameshaanza kumiminika. Msaliti. Nilijua tu. Kikulacho ki nguoni mwako.

Mzee alijilaza taratibu kwenye mito. Halafu akamwomba binti amsaidie kugeuka.

"Mara ya pili," alisema akiutazama ukuta. "Hata kwa mchezo, mama. Hata kwa mchezo wameona ni mimi."

Jioni hiyo hakula. Kesho yake hakutaka kunyolewa. Binti alitoka uani, akapiga simu, na safari hii sauti yake haikumtuliza mtu.

"Meya, umefanya nini?"

"Nimeandika historia. Bwana wako amekasirika?"

"Bwana wangu nani?"

"Usinifanye mjinga. Naona mtandao mnaotumia. Mnaishi wote, yeye na wewe. Mpe pole, mwambie tumemalizana."

"Naishi na baba yangu," Mkunga alisema. "Bawabu ni baba. Anaumwa moyo, hawezi hata kushika kijiko. Wewe ulipokuwa unasema sawa, sawa, mimi nilikuwa nawahi kumgeuza kitandani."

Meya alisikia mashine ikinguruma na hakusikia kingine.

"Mbona hukuniambia?"

"Kwa sababu ya sheria yetu ile, na kwa sababu aliniomba. Hilo ni kosa langu na nalikubali. La kwako ni lipi?"

Meya alikwenda mchana huo huo na shati lake la wino, hakukumbuka hata kubadilisha. Sebule ilikuwa ndogo, kitanda kimechukua nafasi ya makochi, pazia limefungwa nusu. Mkunga alimwonyesha kiti bila kumtazama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ndiye wewe Meya?" Mzee alimpima juu mpaka chini. "Nilidhani una tumbo."

Meya alijaribu kucheka, akashindwa. Alieleza kwamba ataifuta ile sura leo leo, Bawabu atakuwa hai.

"Usifute," mzee alisema. "Ukifuta watasema binti amembembeleza bwana wake. Mimi nakuuliza jambo moja tu, mwanangu. Uliponiandika vile, ulikuwa na ushahidi gani?"

"Sikuwa nao."

"Ulikuwa na nini?"

"Wivu, mzee. Nilidhani wewe ni mwanaume wake. Nilikuandika nikiwa na chuki."

Mzee alifumba macho, pumzi ikapanda na kushuka kwa shida. Binti alisogea, mzee akamzuia kwa kidole.

"Wale wa ghalani," alisema, "nimewasubiri miaka yote hii mmoja aje aseme hivyo. Hata kwa uongo. Haya, wewe umekuja. Sasa hayo uliyoniambia mimi, waambie na wao."

Meya aliandika palepale kwenye kiti, simu magotini. Hakupamba. Aliwaambia wachezaji wote kwamba Bawabu hakufungua lango, kwamba yeye aliyeandika alikuwa na kinyongo na mtu asiyemjua, na kwamba mji ule ulikuwa na mtu mwingine mmoja tu mwenye funguo zote, naye ni Meya. Aliyefungua lango ni Meya. Ile sheria ya ndugu nayo aliitaja, na ilivunjwa kwa ajili ya nani. Kisha akampa Mkunga simu, naye akasoma kwa sauti.

"Rudia pale," mzee alisema.

Akarudia. Mzee akaomba tena, akarudia tena.

Majibu yalikuja makali. Wengine walimtukana, wengine walisema wamepotezewa muda wao na hawatarudi, na kweli hawakurudi. Mwokaji peke yake ndiye aliyeandika: Bawabu, tusamehe, tulikuzomea bila kujua.

"Mjibu," mzee alimwambia binti. "Mwambie lango lilikuwa limefungwa. Nililifunga mwenyewe nikalitikisa."

Jioni hiyo alikula, akanyolewa, akamtania Meya kuhusu wino. Jumatano asubuhi hakuamka. Meya alibeba viti, alichota maji, alisimama nyuma ya watu msibani, na hakuna aliyemuuliza yeye ni nani wa marehemu. Mchezo ulikuwa umebaki na wachezaji wa kuhesabika, akaufunga kimya kimya.

Wiki kadhaa baadaye alimkuta Mkunga akikunja shuka za sebuleni. Kitanda kilikuwa kimetolewa, makochi yamerudi mahali pake, na chumba kilionekana kikubwa kupita kiasi. Alikuwa amevaa gauni jeusi lililoanza kumpwaya. Meya alishika ncha mbili za shuka, wakakunja pamoja.

"Mzee alinisamehe," alisema.

"Alikusamehe. Nilikuwepo."

"Basi mimi nataka kukuoa, kipenzi. Sijui kusema kwa maneno mazuri leo. Nataka tuwe nyumba moja."

Mkunga aliiweka shuka juu ya nyingine, akailainisha kwa kiganja. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta.

"Nakupenda," alisema. "Sitakudanganya kwamba sikupendi. Lakini siku ile ulikuwa na simu mkononi. Ungenipigia ukasema, huyu ni nani? Ningekujibu, tungegombana, tungeyamaliza. Hukuuliza. Ulihukumu, ukamtundika mtu." Akavuta pumzi. "Mimi nimekulia kwenye nyumba ya mtu aliyehukumiwa bila kuulizwa. Najua chakula chake kinavyokuwa, najua kimya chake. Siwezi kwenda kuanza nyingine."

"Nitakuwa nauliza. Kila kitu nitauliza."

"Utauliza, kwa sababu unaogopa. Siku ukizoea utaacha."

Watoto wa jirani walipita nje wakigombea mpira. Meya alisimama, mikono imening'inia, akatafuta la kusema, akaona amebaki na moja.

"Haya nakuuliza sasa. Unaniacha?"

"Ndiyo, mpenzi," alisema, akachukua shuka inayofuata.