Niko Chumbani, Mama

Chungu kilikuwa kimelowa ndani. Rihem aliliona hilo, ila aliliona kama mtu anavyomwona nzi ukutani. Vyungu vya kunasia pweza vilipangwa kando ya ukuta wa ua, vyote mdomo chini, na havikuwa vimegusa bahari tangu babu wa Wajih, mwanachuo mwenzake, afariki miaka mitatu iliyopita. Alichomoa kimoja, akakigeuza, akapitisha kidole ndani. Kidole kikatoka na maji ya chumvi. Akakifuta kwenye suruali, yakaisha.

Safari yenyewe haikuwa na mpango. Alhamisi ile asubuhi mwalimu wao wa takwimu hakutokea chuoni Sfax, na Wajih, ambaye mdomo wake haujui likizo, akasema feri ya kisiwa cha Kerkennah inaondoka saa nne, nyumba ya marehemu babu yake haina mtu, na atakayebaki nyuma ni kikongwe. Saa nne walikuwa majini watatu: Wajih, Rihem, na Ichrak, aliyekuwa akilala na Rihem chumba kimoja bwenini.

"Redio hakuna," Wajih alisema walipokaa uani kula mkate na harisa, rojo ya pilipili na mafuta. "Lakini tumbukiza simu kwenye hicho chungu uone."

Rihem akakisimamisha chungu mezani, mdomo juu, akatia simu. Muziki ukatoka mnene, ukajaa ua mzima. Wakala wakicheza, wakacheza wakila.

Baada ya alasiri simu ikaita humo humo ndani. Alikuwa mama yake, Mama Zohra, kutoka Gafsa, ambaye hakukosa kupiga kila Alhamisi. Mjane yule alimruhusu mwanawe wa pekee kwenda kusoma mbali kwa sharti moja, na alilisema bila kupandisha sauti: siku utakayonidanganya ndiyo siku utakayorudi nyumbani. Rihem alikuwa mwaka wa pili na sharti hilo halijawahi kumsumbua, kwa kuwa hajawahi kumdanganya. Sasa vidole vyake vilijaa mafuta ya harisa. Akapokea kwa kifundo cha kidole, akainamia mdomo wa chungu.

"Uko wapi, binti yangu?"

"Niko chumbani, Mama. Nasoma."

"Peke yako?"

"Peke yangu. Ichrak katoka. Nimefunga mlango."

"Haya, soma mama. Mungu akufungulie."

Ichrak alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja. "Mashallah, muongo wewe. Hata kope hujapepesa."

Rihem alicheka nao, lakini akausukuma mkate wake kando. Njia ya mwongo ni fupi. Yake haikufika hata Ijumaa adhuhuri.

Asubuhi chungu kilikuwa kikavu. Simu aliyoisahau ndani ndiyo iliyokuwa ikidondosha maji alipoitoa, imekufa kabisa. Kutoka mezani, michirizi ya maji ilikatiza sakafu ya ua mpaka mlangoni, na hapo palinuka pweza aliyeachwa juani.

"Paka," alisema Wajih.

Ami Ammar, baba mdogo wa Wajih, aliwaletea mkate wa moto. Alipoona chungu mezani aliuweka mkate chini kwenye vumbi, jambo ambalo mtu wa kisiwa kile hafanyi hata akiwa mgonjwa.

"Nani kakigeuza?"

"Mimi, Ami," alisema Rihem.

"Mnajua tunamnasaje pweza? Hatuweki chambo. Tunashusha chungu kitupu tu. Akiona nyumba haina mwenyewe, anaingia, anaifanya yake." Akashusha sauti. "Sasa si pweza tu mwenye tabia hiyo. Ndiyo maana nchi kavu tunavilaza mdomo chini. Mlisema nini humu?"

"Tulicheza muziki, Ami," Wajih alianza, "labda kapenda..."

"Nyamaza. Binti, ulisema nini?"

Rihem akayarudia maneno yake kwa kunong'ona, moja moja, na kila moja lilimtoka kwa aibu. Mzee akafumba macho.

"Umemtajia chumba kitupu. Ukamwambia mlango umefungwa na mwenyewe yumo."

"Nisome nini, Ami? Nisome dua gani aondoke?"

"Kwa kisomo hawa wanatushinda, wanakijua kuliko sisi. Hawa huondoka kwa kitu kimoja. Mwenye nyumba arudi, na watu wake wamtambue kuwa ndiye."

Bandarini upepo ulikuwa umechafua bahari, na feri imefungwa kamba. Mlinzi alisema labda jioni, labda kesho. Rihem alitembea kutoka kibanda cha tiketi hadi mwisho wa gati na kurudi, akakaa, akainuka, akamuuliza mlinzi swali lile lile mara ya nne, na kila alipotazama upande wa Sfax aliona ile michirizi ya maji ikiingia baharini na kutokea ng'ambo, ikipanda ngazi za bweni, ikisimama mbele ya mlango wake, naye yuko huku, hana hata simu. Akamwomba Wajih simu yake. Namba ya mama aliijua kwa moyo.

"Nani?" Sauti ya Mama Zohra ilikuwa karibu mno.

"Mimi, Mama. Rihem."

"Rihem gani? Rihem yuko bafuni ananawa. Nilitaka kumshtukiza, nikapanda teksi ya alfajiri hadi hapa bwenini kwake. Kanifungulia mlango mwenyewe."

Rihem akaikamata simu kwa mikono miwili. "Mama, toka nje. Usichukue kitu, toka tu, tafadhali."

"Mikono yake baridi," mama akasema, kama anajisemea. "Tangu nifike ananawa tu. Nikadhani homa."

Nyuma yake mlango ukafunguka, matone yakaanguka sakafuni, na Rihem akasikia sauti yake mwenyewe, yenye lafudhi ile ya Gafsa ambayo mwaka mzima alikuwa akijitahidi kuificha mbele ya watu wa Sfax, ikiuliza kwa upole, "Nani huyo, Mama?"

Hapo akamwaga yote, haraka, machozi yakimwingia mdomoni. "Mama, jana nilikudanganya. Sikuwa chumbani, nilikuwa Kerkennah na marafiki, na bado niko huku, feri imezuiwa na upepo. Nirudishe nyumbani kama ulivyosema, niache chuo, nikubali lolote, lakini huyo si mimi, Mama, toka humo."

"Unasema jana ulinidanganya?"

"Ndiyo, Mama. Nisamehe."

Mama Zohra alivuta pumzi.

"Miaka ishirini nimemlea. Mwanangu hajanidanganya hata siku moja. Wewe unayepiga kwa namba nisiyoijua, sauti yake umeiiba. Tabia yake hukuipata."

"Mama..."

Akaanza kumsomea Ayatul Kursi. Akaisoma yote, bila kukosea, kama alivyokuwa akimsomea Rihem utotoni anapoweweseka, na Rihem akasimama na simu sikioni, akifukuzwa.

"Mungu amuepushe mwanangu na shari yako," mama akamaliza.

Na kule chumbani, karibu kabisa na simu, sauti ya Rihem ikaitikia, "Amina, Mama."