Ndege Watatu wa Stesheni

Kila asubuhi Fundi Vigae hukata vigae barazani, na binti yake hufagia vumbi. Siku hiyo binti aliweka ufagio chini, akatazama simu.

"Baba, picha ya ukuta wako wameifuta!"

Ukuta huo uko stesheni ya treni. Miaka ishirini iliyopita, Fundi aliunda hapo ndege watatu kwa vipande vya vigae. Sasa stesheni inapanuliwa. Mwezi ujao ukuta utabomolewa. Ndiyo maana binti aliupiga picha, akaiweka kwenye kamusi elezo huru, ile ya mtandaoni inayosomwa bure.

"Wameifuta kwa nini?"

"Wanasema ukuta una hakimiliki ya aliyeutengeneza."

Fundi alitupa mwiko. "Aliyeutengeneza si mimi? Nimejiibia?"

Jirani yao, mama anayefanya kazi maktaba, alisikia kelele akaja.

"Mama Maktaba, nidhulumiwe hadi lini? Gazeti la jana limechapisha ukuta huo huo. Hakuna aliyeligusa!"

"Tulia, jirani. Kazi ya mtu haitumiwi bila ruhusa yake. Ila sheria imeacha vighairi vichache, yaani matumizi yasiyohitaji ruhusa: kunukuu kidogo na kumtaja mwenyewe, kufundisha darasani, kutoa habari. Gazeti limepitia hapo."

"Na kamusi elezo nayo si inafundisha?"

"Inafundisha, lakini ni huru. Yeyote anaweza kuchukua kilichomo, akakibadilisha, hata akakiuza. Kighairi cha darasani hakifiki huko. Kuna nchi zinazoruhusu picha za sanaa iliyo barabarani zitumike hata kwa biashara. Sheria yetu hairuhusu."

"Watu wote wanaopanda treni wauone, lakini picha yake izuiwe! Sheria gani hiyo?"

"Mbaya," alisema Mama Maktaba. "Binti, ulipoiweka picha uliandika ruhusa gani?"

Binti aliinamisha kichwa. "Kwa masomo tu, isiuzwe. Baba ndiye aliyenituma."

"Sikutaka mtu auze jasho langu!"

"Basi hapo ndipo mlipokwama; kamusi elezo haipokei picha iliyokatazwa kuuzwa. Una mkataba wa kazi ile?"

Fundi alileta kopo la biskuti, akatoa karatasi iliyokunjwa. Mama Maktaba aliisoma mara mbili.

"Hapa uliwauzia wenye stesheni ukuta. Hakimiliki hukuwauzia. Kwa hiyo huhitaji kighairi chochote. Ruhusa ni yako kutoa. Lakini ukiitoa hairudi. Mtu akichapa ndege wako kwenye fulana akauza, hutamdai. Lazima akutaje tu."

Fundi aliitazama mikono yake, ile michubuko ya miaka yote.

"Baba, nyundo zinakuja," alisema binti.

"Na nyundo hazitanitaja," alijibu Fundi. "Lete kalamu."

Aliandika kwamba yeye ndiye mwenye hakimiliki, na kwamba anaruhusu picha hiyo itumiwe na yeyote, hata kwa biashara, mradi atajwe. Binti naye alitoa ruhusa yake, kwa kuwa mpiga picha pia ana haki. Walituma barua zote mbili kwa wahariri wa kamusi elezo. Siku ya tisa picha ilirudi.

Fundi hakupoa. "Mimi niko hai, nimetia saini. Mafundi waliokufa, ambao watoto wao hawajulikani walipo, watatia saini vipi?"

Yeye na Mama Maktaba walimwandikia mbunge wao: sheria iongezewe kighairi cha picha za sanaa ya mitaani. Bado wanasubiri jibu. Kila mwezi Fundi hupeleka barua nyingine.

Siku ya kubomoa, Fundi na binti walisimama kwenye vumbi. Ndege wa mwisho alipoanguka, msimamizi wa stesheni aliwasogelea.

"Mzee, ndege hawa aliwaunda nani? Kwenye mafaili yetu hakuna jina."

Binti alimpa simu. Picha ilikuwa hapo, na chini yake jina la baba yake.

Msimamizi alisoma kimyakimya.

"Soma kwa sauti," alisema Fundi. "Wakubwa wako wasikie."