Mashine Iliyoitwa Usiguse

Haya yalimpata mdogo wangu wa kiume, tuliyenyonya naye ziwa moja. Wanaomfahamu husema kazi nyingi zilimchanganya akili. Waache waseme. Mimi nilikuwepo, na kuna sehemu ya habari hii ambayo hata yeye hakuiandika.

Ilikuwa Jumamosi ya kawaida. Mimi ni fundi cherehani, na chumba cha mbele cha nyumba yangu ndiyo karakana. Nilikuwa nimeinjika chungu jikoni, huku nakunja pindo la gauni la mteja, nikimsubiri mdogo wangu aje tule mchana. Nyumbani tulimwita Profesa, kwa kumtania tu, maana tangu utotoni alikuwa akifungua redio za watu na kuzirudisha zikiwa na skrubu pungufu. Ukubwani akapata mahali pa kufanyia utundu wake: akawa msimamizi wa kompyuta za hospitali.

Kazi yake alinieleza mara mia mpaka ikaniingia. Kwenye chumba cha baridi, chini ya jengo, kulikuwa na kompyuta kubwa nane. Ndani ya kila moja ziliishi kompyuta nyingine nyingi zisizo na mwili, kila moja na kazi yake: hii mafaili ya wagonjwa, hii dawa, hii maabara. Siku ya kuzisasisha zile kubwa, hakuhangaika na kila moja peke yake. Aliandaa picha moja inayoeleza jinsi zote nane zinavyotakiwa kuwa. Halafu kila moja, kwa zamu yake, ilihamishia wapangaji wake kwa majirani, ikazimwa, ikawashwa tena ikiwa imefanana na ile picha. Kilichomo kwenye picha kinabaki, kisichomo kinafutwa.

Saa nne na nusu nilimpigia simu kumharakisha.

"Dada, nimekwama kwenye ya sita," akasema. "Kuna mpangaji hataki kuhama."

Ilikuwa mashine ndogo, imepewa jina USIGUSE kwa herufi kubwa. Aliyeitengeneza ni fundi wa zamani, alishastaafu na kufariki, na hakuacha hata mstari mmoja wa maelezo. Ilikaa kwenye diski kuukuu iliyofungwa ndani ya ile kompyuta ya sita, ndiyo maana haikuweza kuhama. Programu ya kuiendesha diski hiyo haikuwemo kwenye picha. Mtambo ulikuwa umemwonya: ukiendelea, itaondolewa. Utaratibu wao ulikuwa kutangaza kwa idara zote na kungoja siku tatu mwenyewe ajitokeze.

"Sasa hiyo mashine inafanya nini?" nikamuuliza.

"Nimeitazama saa nzima. Haifanyi chochote."

"Haifanyi kitu, haina mwenyewe, na wewe unaniachia chakula kipoe? Izime uje. Kwani hapo bosi nani?"

Alicheka. Nyuma yake nikasikia feni za kile chumba zikivuma.

"Haya, dada," akasema.

Alifika saa sita kasoro, uso umemchangamka. Zote nane zimefanana, alama ni kijani tupu, na picha ya skrini alinionyesha kwenye simu. Tulikula. Alinisimulia kichekesho cha mkuu wake aliyeweka nywila yake kwenye kibandiko mgongoni mwa kalenda. Nilicheka mpaka nikapaliwa. Nakumbuka niliitazama saa ya ukutani, nikihofia mteja wangu atanikuta bado naosha vyombo. Ilikuwa saa sita na dakika saba.

Saa tisa simu yake ililia. Alisikiliza, kisha akakaa chini, sakafuni, palepale alipokuwa amesimama.

Mashine ile ndiyo iliyokuwa ikipokea kengele za vitandani katika wodi ya zamani na kuziwashia taa mezani kwa muuguzi. Ile saa nzima aliyoitazama haikufanya kitu kwa sababu hakuna mgonjwa aliyekuwa ameita. Baadaye, kwenye saa sita mchana, mgonjwa mmoja aliita. Mama mtu mzima, kitanda cha tisa, siku ya pili baada ya upasuaji. Walipomkuta alikuwa ameshapoa, kidole gumba bado kimekandamiza kitufe. Ilibidi wakitoe taratibu.

Mdogo wangu alikimbia hospitali. Akatafuta nakala ya akiba, akaunda mashine nyingine kwenye kompyuta nyingine, kwa jina jingine. Ile ya zamani akaifuta hata kwenye orodha. Jumatatu kamati ilipokwenda kujaribu kengele, taa ziliwaka zote. Walimuuliza kama mtambo ulikuwa na hitilafu siku ile. Akawaonyesha ile picha ya kijani.

Basi kosa likamwangukia muuguzi. Walisema alisinzia, alitoka nje, alikuwa kwenye simu. Wakamfukuza.

Sare za huyo muuguzi nilizishona mimi. Wiki iliyofuata alikuja na tatu mkononi.

"Dada fundi, nitolee hizi nembo," akasema. "Labda kwingine watanichukua."

Nilifumua nembo zile uzi kwa uzi, yeye akiwa amekaa mbele yangu. "Nilikuwa naziangalia taa," akaniambia. "Wallahi nilikuwa naziangalia." Nikainamisha kichwa, nikajitia nimebanwa na kazi. Nilikataa malipo yake, na yeye akanishukuru. Ile shukrani yake bado inanichoma.

Mambo yakaanza siku hiyohiyo. Mdogo wangu alikuja jioni kabla jua halijatua, akafunga mlango, akanong'ona ingawa tulikuwa wawili tu.

Kompyuta ya sita, akasema, imeacha kufanana na picha. Kuna kitu kimezidi ndani yake. Ni programu ya ile diski, na hakuna aliyeirudisha. Tarehe ya kuingizwa kwake ni ile Jumamosi, saa sita na dakika saba mchana. Aliifuta. Ikatokea kwenye ya tatu. Aliifuta na huko. Ikatokea kwenye zote nane.

"Labda umekosea mahali," nikamwambia.

"Diski yenyewe niliing'oa kwa mikono yangu, dada. Ipo kwenye droo yangu."

Kesho yake USIGUSE ilirudi kwenye orodha. Imeandikwa imezimwa. Hata hivyo akafungua skrini yake. Nyeusi. Mstari mmoja mweupe.

Kitanda 9 anaita.

Akafunga. Akafungua. Mistari miwili. Akafunga. Mitatu.

Hapo akasikia kitu mle chumbani. Adhuhuri, taa zote zinawaka. Katikati ya mvumo wa feni. Sauti ndogo ya plastiki.

Tk. Tk. Tk.

Aliponisimulia haya alikuwa ameketi pale kwenye meza yangu ya kukatia vitambaa. Nilitazama mkono wake wa kulia. Kidole gumba kilikuwa kinabonyeza ubao. Kinabonyeza, kinaachia. Kinabonyeza, kinaachia. Nilimshika mkono. Hakujua kama kinafanya hivyo.

"Niseme, dada?" akaniuliza.

Huo ndio ulikuwa wakati wangu wa kumwokoa yeye na yule muuguzi kwa mkupuo. Nikamwambia, "Ukisema umekwisha. Aliyekufa harudi. Nyamaza."

Alinyamaza kweli. Kwanza kuhusu jambo lile, halafu kuhusu kila kitu. Mwezi wa pili tangu hapo akaacha kazi. Sasa anaishi kwa mama yetu, anakula akilishwa, na kidole kile hakijapumzika. Siku moja, alipokuwa bado na maneno, alinipa bahasha. "Mpelekee muuguzi," akasema. Niliitia chini ya kitambaa kinachofunika meza yangu. Nikajiambia nitaipeleka wiki ijayo. Wiki zikawa kumi na moja.

Mwezi jana niliondoa kitambaa nikifue. Kwenye ubao, pale bahasha ilipolala, palikuwa na kishimo. Cha duara. Laini, kama ubao umesuguliwa miaka. Bahasha juu yake ilikuwa imebonyea hivyohivyo.

Sikungoja hata kuvaa viatu vya maana. Nilikwenda na kandambili hadi kwa muuguzi, nikampa. Aliisoma akiwa amesimama mlangoni, akairudia. Hakulia.

"Umekaa nayo muda gani?" akauliza.

Nikamwambia.

"Na ulinifumulia nembo," akasema. Kisha akafunga mlango taratibu.

Barua ile aliipeleka kwenye kamati. Wamemrudisha kazini, jina lake limesafishwa, na nilidhani mambo yameisha. Nilipiga ubao wangu msasa mpaka ukawa sawa, nikaupaka vanishi.

Asubuhi kishimo kilikuwepo. Kina kirefu kuliko cha kwanza.

Ninajua kwa nini. Barua ile niliisoma kabla ya kuitoa. Mdogo wangu aliandika kila kitu: lile onyo, zile siku tatu, ile picha ya kijani. Halafu akaandika, "Nilikata shauri mwenyewe. Hakuna aliyenishauri." Ile simu ya saa nne na nusu hakuitaja, na mimi mlangoni pale sikuitaja.

Leo nimeweka kidole gumba changu ndani ya kile kishimo, nipime tu. Kimeenea barabara.

Nimekitoa mara tatu. Kinarudi chenyewe.