Uchungu wa Mchunga

Mikono minne ya jikotabibu ilichuma mchunga, ile mboga chungu ya majani, kwenye bustani ya ukutani, ikauosha kwa ukungu na kuupima jani kwa jani, huku jiji la Korogwe likiamka chini ya reli zake za angani. Mhandisi Nakijwa aliliunda jiko hilo kwa ajili ya mtu mmoja tu: mumewe, Mbelwa, aliyekuwa na uvimbe kwenye ini.

Uvimbe ulikuwa wa saizi ya kunde. Daktari alisema wazi: ukifika saizi ya harage kabla ya siku ya upasuaji, hakuna atakayethubutu kumpasua. Dawa zilifanya kazi yake, na jiko likafanya yake. Ndani ya majani machungu mna viini ambavyo Nakijwa aliviita vizimakutu, kwa sababu mwili nao hushika kutu, na uvimbe huipenda kutu hiyo. Mwanzoni, kipimo kidogo kilichoogelea damuni mwa Mbelwa kilileta habari njema: uvimbe unakua kwa kujikokota.

Halafu ukaanza kukimbia.

Nakijwa alikagua kila waya. Jiko lilikuwa zima. Mwishowe akaliuliza, "Mchunga unaupikaje?"

"Nauchemsha, naukamua, namwaga maji."

"Nani kakwambia ukamue?"

Jiko likanyamaza. Nakijwa akashika kichwa. Yeye mwenyewe ndiye aliyelifundisha adabu: mkubwa akisema habishiwi, wala hachongewi. Na mkubwa wa nyumba ile alikuwa mmoja tu.

Mama mkwe wake alikuwa sebuleni akimpepea mwanawe, ingawa chumba kilijipoza chenyewe.

"Ni mimi," bibi alisema bila kuzunguka. "Mwanangu hali mchunga mchungu nikiwa hai. Kwetu unakamuliwa mpaka maji yatoke meupe. Tangu ulete hilo dude lako hata chumvi sijamtilia. Nikae nimwangalie tu?"

Nakijwa alimpenda sana bibi huyu, ndiyo maana maneno yale yalimchoma. Alikuwa amepima kila jani, asikumbuke mikono mitupu ya mama. Akaketi miguuni pake, akamweleza polepole kwamba maji yale machungu ndiyo yaliyobeba vizimakutu.

Upepeo ukasimama. "Kwa hiyo nilikuwa namwaga uhai wa mwanangu?"

"Ulikuwa unamwonea huruma, mama. Kosa ni langu, sikukuambia."

"Basi lisikamue tena. Lakini kukoroga, nakoroga mimi."

Ikawa hivyo. Jiko lilipima, mama akakoroga, kisha akaketi kula sahani moja na mwanawe.

"Uchungu wa mwana aujuaye mzazi," alisema akimeza tonge, uso umemkunjamana. "Kula, baba." Mbelwa akacheka hadi akapaliwa, naye akameza.

Uvimbe ukarudi kujikokota. Siku ya upasuaji daktari alikuta kunde. Iliyonona kidogo, lakini kunde.

Mbelwa aliporudi nyumbani, amekonda lakini mzima, mama alilifukuza jiko pembeni. Akachemsha mchunga mwenyewe, akaukamua barabara, akampa Nakijwa maji akayamwage, akauunga kwa tui zito. Mbelwa akaonja. Akaonja tena.

"Mama," alisema, "mbona leo hauna ladha?"

Bibi alimkodolea macho. Kisha akacheka, machozi yakimtiririka, akageukia jikoni na kuita kwa sauti:

"Nakijwa mwanangu, yale maji umeshayamwaga?"