Émilienne Hakurudi Bukavu

Mvua ya asubuhi ilikuwa imegeuza njia zote za soko la Baraka, huko Fizi, kuwa tope. Émilienne, binti wa mwalimu Déogratias, alikuwa amejifunga kikwembe kipya cha manjano na kuvaa viatu vya visigino alivyotoka navyo Bukavu. Alipofika kwenye meza za ndagala, wale dagaa wa ziwani, kiatu kimoja kilibaki topeni, naye akaangukia mikononi mwa kijana asiyemjua.

"Polepole, mama," kijana alisema akicheka. "Hii tope ya kwetu haiogopake viatu ya wakubwa."

"Niachilie!"

"Nikikuachilia utaanguka. Nikuachilie?"

Émilienne alicheka bila kutaka. Tangu aje likizo alikuwa hajacheka.

Kijana aliitwa Isidore, mtu wa kijiji cha Swima, mrefu, shati lake la bluu limepauka mabegani kwa jua. Alikuwa akisoma kilimo katika chuo cha serikali, kusini kabisa, Lubumbashi. Émilienne alikuwa amemaliza mwaka wa kwanza katika chuo kimoja cha binafsi huko Bukavu, chuo ambacho baba yake alikitaja kanisani kama mtu aliyemwoza binti yake kwa mfalme.

Jioni ileile Isidore alimpigia simu, na likizo nzima simu hiyo haikunyamaza.

"Kwenu masomo inalala," Émilienne alimchokoza. "Baprofesa banagoma, mwaka moja inakuwa mibili."

"Ni kweli, roho yangu. Lakini tuko batoto ba Fizi munani mu nyumba moja, sufuria moja ya bugali. Mwenye iko mbele anafundisha mwenye iko nyuma. Muntu akigonjwa, tunamubeba. Na kwenu je?"

Émilienne alijiuliza. Angemwambia kwamba wenzake darasani waliiga Kifaransa chake cha Fizi hadi akaacha kusema? Kwamba homa ilimlaza chumbani, akaugua, akapona, na mlango wake haukugongwa?

"Kwetu ni muzuri," alijibu. "Muzuri sana, sheri wangu."

Uongo huo ndio ulioharibu mambo. Likizo ilipokaribia kwisha Isidore alimwomba waende kusoma kusini pamoja. Émilienne alimwogopa baba yake, na woga ukamtoka kinywani kama dharau.

"Nimwambie Papa nini? Naacha chuo ya maana, nafuata chuo ya migomo?"

"Kumbe," Isidore alisema taratibu. "Mi nilikuwa muntu wa kupitisha nayo likizo."

Akakata. Émilienne alimpigia, akampigia tena, hakushika. Kesho yake, sokoni, mama mmoja wa Swima alimwambia kwamba Isidore anaondoka asubuhi inayofuata na boti ya Kalemie, njia ya kwenda Lubumbashi. Ilikuwa asubuhi ileile ambayo Émilienne alitakiwa kupanda gari la Uvira, arudi Bukavu.

Asubuhi ilipofika, gari likapiga honi nje. Émilienne alikaa chini juu ya mzigo wake, mbele ya baba yake.

"Papa, mi sirudi kule."

"Unasema nini? Chuo yenye batoto ba wakubwa banaililia?"

"Papa, mwaka muzima hakuna muntu aliniita kwa jina. Kuko siku..." Alivuta kamba ya mzigo. "Kuko siku niliangalia ziwa ya Kivu vibaya. Nilisimama pale sana. Unitume kusini, kwenye kuko batoto ba kwetu. Hata nikianza upya. Ukinirudisha Bukavu, Papa, utanipoteza."

Mwalimu alisimama. "Ni mwanaume amekufundisha hayo maneno," alisema, akaingia chumbani, akafunga mlango.

Mama yake, Mama Anastasie, aliinuka. Alifuta machozi kwa ncha ya kikwembe, akajitwisha mzigo, wakashuka ziwani mbiombio.

Boti ilikuwa karibu kung'oa nanga. Isidore alipowaona aliruka majini, suruali ikalowa hadi mapajani.

"Émi! Umekuja kuniaga?"

"Hapana, naenda nawe. Nilikudanganya. Kule nilikuwa nakufa, nikakuambia ni muzuri."

Isidore alimkumbatia mbele ya abiria wote. "Unisamehe. Nikimaliza masomo nitaleta bazee kwa babako. Utakubali?"

"Balete. Lakini usijidanganye, sheri, sikukuja juu yako tu. Nimekuja nipate kuishi."

Boti iliposhika maji makubwa, Émilienne alimpigia baba yake. Simu ilishikwa. Alisikia redio ya nyumbani, kuku, na pumzi nzito ya mtu anayejizuia.

"Papa? Ni mi."

Hakujibu, lakini hakukata. Basi Émilienne, ameegemea bega la Isidore, akaanza kumweleza yote ya Bukavu, moja baada ya lingine, bila kuficha. Alisema mpaka milima ya Fizi ikawa nyuma na mtandao ukapotea.

Hadi hapo baba yake alikuwa bado anasikiliza.